Kiranja wa Mistari

Kiranja hakusamehe. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi wazee walioandamana zamani kupinga ubaguzi wa rangi wakipewa maua jukwaani husifiwa kwa moyo wao wa kusamehe, nami nimehudhuria hafla za namna hiyo nikiuma ulimi. Huyu niliyemjua mimi hakusamehe, hakujaribu, na aliwaonea huruma waliomshauri asamehe, kama unavyomwonea huruma mtu anayetaka kukuuzia mwavuli wenye matundu.

Jina hilo nilimpa mimi. Tulikuwa majirani upande wa kusini wa Louisville, kwenye mitaa ya watu wanaoamka alfajiri kwenda maghalani na viwandani. Mama yangu na mjomba walikuwa wametoka Kivu ya Kusini, wakakaa miaka kambini Kigoma, na huko ndiko nilikoanza shule. Yeye alikuwa mwanamke mweusi wa palepale Louisville, mstaafu wa kuendesha mabasi ya shule, akiishi peke yake kwenye nyumba ya mbao iliyotazamana na yetu. Aliponieleza kwamba zamani, akiwa msichana wa shule, kazi yake katika maandamano ilikuwa kunyoosha mistari, yaani kuhakikisha watu wanakwenda wawiliwawili, hakuna anayejibu tusi na hakuna anayesimama, nilimwambia kwamba kambini tulikuwa na mtoto wa kazi hiyohiyo, naye tulimwita kiranja. Akalirudia neno hilo mpaka akalipata. Toka siku hiyo akinipigia simu husema, "Kiranja hapa," hata kama anataka kuuliza bei ya vitunguu.

Kabla ya kumsalimu mtu alitazama viatu vyake. Siku tuliyohamia, mama alivuka barabara kwenda kumwamkia, amevaa ndala za plastiki, na nje theluji ilikuwa imegeuka tope. Mlango ukafunguka, macho yakashuka mpaka kwenye ndala, mlango ukafungwa. Mama akarudi amekasirika.

"Huyu mama iko na roho mubaya," akamwambia mjomba. "Hata salamu hapana!"

Hajamaliza kulalamika tukasikia kishindo barazani. Tulipofungua tulikuta mabuti yamemwagwa sakafuni, ya mtu mzima na ya mtoto, na aliyeyaleta ameshafika katikati ya barabara. Hakugeuka. Alisema kwa sauti ya kuamrisha, "Funga kamba mara mbili!"

Kamba ya kiatu kwake ilikuwa jambo kubwa. Ikifunguka, alisema, utainama. Ukiinama, mstari utakatika. Na pale mstari ulipokatika ndipo kijana mwenye jiwe alikuwa akingojea. Mpaka leo mimi hufunga mara mbili, kisha nikishafika kwenye ngazi hujiuliza kama kweli nimefunga.

Tabia yake nyingine ilikuwa kutokukaa. Nyumbani kwake alikaa kama watu wote, lakini mbele za watu, hapana. Kanisani alisimama nyuma, mgongo ukutani, tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Kwenye kituo cha basi, hospitalini, kwenye harusi, alisimama. Nilipohitimu chuo Columbus alisafiri na mama kuja kuniona, akasimama ukumbini kando ya mlango hotuba zote, na kijana wa usalama alipomletea kiti alikitundikia koti lake. Mama alisema ni mgongo. Mimi, ambaye siwezi kuona jambo nikaliacha, nilikuwa nimeshaunda nadharia kadhaa, na zote zilikuwa za kijinga.

Kanisani hapohapo, kwa sababu nilipenda kusimama karibu naye, niligundua jambo jingine. Tukifika kwenye sala, pale tunapoomba kusamehewa kama sisi tunavyowasamehe wenzetu, sauti yake ilikatika. Ilirudi kwenye sentensi inayofuata, nzito na wazi. Mwanzoni nilidhani anavuta pumzi. Baadaye nikamuuliza.

"Sipendi kudanganya nikiwa nimefumba macho," alisema.

Sitaki msomaji amwone kuwa mtu wa uchungu tu. Alipika makaroni ya jibini kwa sinia zima akalisha watoto wa mtaa, kisha akacheza nao karata na kuwaibia bila aibu. Alitukana chakula chetu na kukimaliza. Alitetea wageni mbele ya watu wa baraza la jiji, halafu barazani kwake akatuambia sisi wageni maneno makali: "Mmekuja jana. Wanawapenda kwa sababu bado hamjui kuwachukia." Mjomba, aliyekuwa mtu wa utani, alimjibu kwa Kiingereza chake cha kazini: "Mama, mimi nilifukuzwa nchi yangu na watu nilioishi nao ukuta kwa ukuta. Kuchukia, mimi ni profesa." Alicheka mpaka akashika nguzo. Kuanzia hapo mjomba ndiye pekee aliyeruhusiwa kumpinga.

Alipokuja Columbus kwenye mahafali yangu alilala kwenye chumba nilichopanga Clintonville, mtaa wa miti mizuri na watu wa tabasamu. Asubuhi tulitembea. Karibu kila ua ulikuwa na bango dogo lililochomekwa kwenye majani, la kusema kwamba watu weusi nao ni watu na kwamba nyumba hiyo inakaribisha wote. Akayasoma yote, taratibu, kama mtu anayechagua hoteli. Kisha akapanda ngazi za nyumba moja akabonyeza kengele. Nikamkimbilia.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nimeona bango. Naomba choo."

Mwenye nyumba alizungumza naye kupitia mlango uliofunguliwa kiasi cha kupitisha pua. Alisema samahani, choo kina hitilafu. Nyumba ya pili mtu alichungulia dirishani asifungue. Ya tatu bwana mmoja mzee, amevaa soksi tu, alisema, "Kushoto, mwishoni," akarudi kwenye gazeti lake. Kiranja alitoka akiwa ameridhika kupita kiasi. Tuliporudi njia ileile aling'oa mabango ya zile nyumba mbili akayaegemeza kwenye mapipa ya taka yao, kwa adabu, maandishi yakitazama barabara. Nilimwambia hilo ni kosa kisheria. Akasema niende nikaripoti.

Huo ulikuwa ulipaji mdogo. Sasa niseme ule mkubwa, na mtu aliyekuwa akilipizwa.

Nitamwita Tajiri. Familia yake ilianza na duka la mikate na kahawa katikati ya jiji, wakati ambapo mtu mweusi aliweza kununua mkate dirishani lakini hakuweza kukaa kwenye kaunta. Duka likazaa maghala, na Tajiri, aliyekuwa mwana wa mwenye duka, akazeeka akiwa mtu wa heshima, mfadhili wa maandamano ya kumbukumbu. Kila mwaka baridi inapoanza kulegea, jiji hutembea kuwakumbuka wale walioandamana zamani. Jina la kampuni yake lilichapishwa kwenye fulana, naye alitembea amevaa utepe begani. Kiranja, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wazee waliobaki, alipewa kazi yake ya zamani: kupanga mistari, filimbi shingoni.

Na kila mwaka alimpanga Tajiri mahali palepale. Alimshika kiwiko, akamwambia kwa unyenyekevu, "Mheshimiwa, nafasi yako ya heshima ni hii," akamweka nyuma tu ya farasi wa polisi. Farasi ni farasi. Tajiri alivaa viatu vya ngozi vya kung'aa, na kutoka kanisani hadi uwanjani ni mbali. Mwaka hata mwaka alifika ameviharibu, na mwaka hata mwaka Kiranja alivitazama viatu hivyo kwanza, kisha akamsalimu.

Nilipojua, nilicheka, kisha nikaanza kuwaza. Nilimwuliza kama hiyo ndiyo kazi ambayo watu walipigwa kwa ajili yake.

"Wewe, Wasiwasi," alisema, maana hilo ndilo jina aliloniita. "Kazi ni kazi. Hiyo ni chai ya saa nne."

Kila Jumamosi alikwenda mjini kwa basi. Lile duka la zamani lilikuwa bado mali ya familia ya Tajiri. Walikuwa wamelipangisha kwa watu wa mgahawa, na kaunta ya zamani imebaki, imepigwa msasa, ikapakwa mafuta. Kiranja alitembea mbele ya kioo chake mpaka kona, akageuka, akarudi. Hakuingia. Siku moja nilikuwa naye. Binti mfanyakazi wa mgahawa, mweupe, mwenye pete puani, alitoka na kikombe cha maji akamwambia, "Mama, kuna joto, ingia upumzike." Kiranja alipokea kikombe, akamwaga maji barabarani, akaondoka nacho. Wiki iliyofuata alikirudisha, kimeoshwa, akampa binti yule mkononi na kumshukuru. Nikamwuliza, sasa kwa nini ulimwaga?

"Maji yalitoka ndani," akasema. "Binti hana kosa."

Sikuelewa. Nilikuja kuelewa baada ya mjomba kufa.

Mama na mjomba walifanya kazi katika ghala mojawapo la Tajiri. Ghala hilo lilikuwa na ukuta katikati. Upande mmoja wafanyakazi waliuita Friji: huko kulikuwa na hewa baridi, meza za kukagua vifurushi, na foklifti, zile mashine za kuinulia mizigo ambazo huendeshwa umekaa. Upande wa pili waliuita Tanuri: huko matrela yalirudishwa nyuma kwenye milango, nawe uliingia ndani ya bati lile ukapakua kwa mikono. Hakukuwa na kanuni iliyoandikwa popote. Ila ukisimama mlangoni wakati wa kuingia kazini ungeona weupe wanakata kulia, na sisi pamoja na weusi wa Louisville tunakata kushoto. Mjomba aliomba kuhamishwa akaambiwa Kiingereza chake hakitoshi. Kiingereza hicho ndicho alichomchekeshea Kiranja.

Mjomba alianguka ndani ya trela, mwezi wa joto kali, akafa humo kabla hawajamtoa. Kampuni ilisema alikuwa na ugonjwa aliotoka nao kwao. Hakuna aliyekuja nyumbani. Si msimamizi, si Tajiri, hata mjumbe. Mama aliketi kwenye mkeka sebuleni siku zote za msiba, na kila mlango ulipogongwa aliinua kichwa.

"Mutu amekufa kwako, hukuje kusema pole?" alirudia. "Hata adui anakuja."

Kiranja alikuja kila siku, akasimama ukutani.

Mwaka uliofuata, maandamano yalipokaribia, aliwaalika wanawake wa kwaya ya kanisa letu watembee. Mimi ndiye niliyetafsiri. Aliwaambia kwamba siku hiyo jiji linakumbuka watu walioumizwa na kufa kwa sababu ya rangi yao, kwamba mjomba ni mmoja wao, na kwamba wabebe picha yake. Alisema watapangwa katikati, wafuate filimbi. Wanawake wakaitikia vizuri. Kisha wakakutana jikoni kwa mama, wakaulizana jambo ambalo Kiranja hakulifikiria na mimi sikulisikia: kama ni siku ya kumkumbuka marehemu, nyumba ya msiba ni ipi? Kwetu, mtu akifia kwako nawe usijitokeze, wenye msiba wanakuja kwako. Wanatandika. Wanakaa mpaka mwenye nyumba atoke. Na mwenye nyumba siku hiyo, kila mtu alijua, angekuwa jukwaani uwanjani.

Kwa hiyo walikuja na mikeka. Niliiona imeviringishwa mabegani mwao nikadhani ni kwa ajili ya kupumzikia baadaye. Walitembea vizuri, wawiliwawili, wakiimba. Tajiri, aliyetangulia, alifika, akapangusa viatu, akapanda jukwaani. Mistari ikawa inapita mbele yake huku akipunga mkono. Zamu ya kwaya ilipofika, mama aliacha kuimba, akatandika mkeka wake chini ya jukwaa, akaketi, akanyoosha miguu. Wengine wakafuata. Picha ya mjomba wakaiweka katikati. Mtu wa kwanza akaanza kilio, kile cha chini, cha kupokezana.

Nyuma yao jiji zima likaanza kubanana. Kijana wa kamati mwenye redio mkononi alikuja akikimbia.

"Akina mama, songeni, songeni!"

"Siye tunaikala," mama alimwambia, bila ubaya.

Yule kijana akamkimbilia Kiranja. "Waondoe! Mstari usisimame! Si ndiyo kazi yako?"

Nilikuwa kando yake. Filimbi ilikuwa midomoni tayari. Alikuwa akiitazama mikeka, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona, kama mtu aliyesikia mlango wa nyumba yake ukifunguliwa kutoka ndani. Maisha yake yote alikuwa amewaambia watu waendelee. Akapuliza, ndefu, ile ya kusimamisha. Mistari yote ikasimama mpaka kanisani.

"Utaendelea," alimwambia kijana, "wenye msiba wakimaliza."

Tajiri alikaa juu kwa muda akitabasamu. Kilio hakikukoma, na simu za watu zilikuwa zimeinuliwa. Mwishowe akashuka, mkono mbele. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akiwa bado ameketi, hivyo ikambidi ainame. Kisha hakuuachia.

"Mwambie nimesikitika kwa msiba wake," Tajiri akaniambia mimi.

Nikatafsiri. Mama akauliza, "Musiba ya nani? Aseme jina."

Hakulijua. Nilimtajia. Akalisema, akalivunja katikati.

"Apana. Tena."

Akalisema tena. Mama akatikisa kichwa. "Tena, muzee. Pole-pole." Akalisema mpaka likanyooka.

"Bon. Alikufia wapi?"

"Kazini."

"Kazi iko kubwa. Upande gani?"

Nilimweleza jina la upande. Akawatazama watu wake, hakuna aliyemsaidia. "Kwenye... Tanuri," alisema.

"Kule banaikala nani?"

Nikatafsiri. Akajaribu kuvuta mkono. Kiranja akasogea mpaka kivuli chake kikamwangukia. "Mama huyu amekuuliza ni kina nani wanaofanya kazi upande ule. Mgongo wako unauma, naona. Mjibu uinuke."

"Watu weusi," alisema Tajiri. Simu zote zilimsikia.

Mama akauachia mkono. Pete yake ilikuwa imemwachia Tajiri alama.

Nilifurahi. Nimejaribu kutafuta neno lenye heshima zaidi nikashindwa. Nilifurahi kumwona ameinama, nikafurahi kwa alama ya pete, na nimeitazama video ile mara nyingi kuliko inavyofaa mtu mwenye akili. Kabla majira ya joto hayajafika ukuta wa ghala ulitobolewa, mafeni makubwa yakaletwa, na zamu zikaanza kubadilishwa, Tanuri na Friji, kwa wote. Hawakusema ni kwa sababu gani. Mama alipopata zamu ya Friji alivaa sweta mbili, akarudi akilalamika: "Hii baridi yabo itaniua mbele ya joto."

Jioni ya siku ile ya mikeka mama alimpelekea Kiranja sambusa, nami nikafuatana naye. Tulitegemea kumkuta anasherehekea. Alikuwa barazani, ameshika filimbi.

"Mama yako amelipata jina lake," alisema. "Mimi langu bado."

Ndipo akaeleza. Alikuwa na rafiki. Siku ya lile duka, kundi moja lilipangwa kuingia na kukaa kwenye kaunta, kundi jingine litembee nje, mbele ya kioo, bila kusimama. Rafiki yake aliingia akaketi kiti cha karibu na mlango. Yeye alibaki nje na filimbi. Kupitia kioo alimwona mwana wa mwenye duka akichukua jagi la kahawa kutoka jikoni, akamimina shingoni mwa rafiki yake, polepole, kama mtu anayemwagilia chungu cha maua. Amri ilikuwa mstari usisimame. Akaunyoosha mstari, wakaenda mpaka kona, wakageuka.

"Nilipopita tena alikuwa bado amekaa," alisema. "Hawakuweza kumwinua. Yeye alikaa. Mimi nikatembea."

Rafiki yule alihamia Buffalo na wazazi wake, akavaa vitambaa shingoni maisha yake yote, akafa bila mtu yeyote wa familia ile kumtaja. Kiranja alimwendea Tajiri mara moja, akiwa bado na nguvu, akamuuliza. Alijibu kwamba hakumbuki tukio la namna hiyo.

Nadharia zangu zote kuhusu kusimama kwake zilikufa palepale. Sikumuuliza, lakini nilijua sasa kwa nini hakai mbele za watu.

Magoti yalipokataa ngazi aliondoka Louisville akaenda Buffalo, kwa binti wa yule rafiki, aliyemwita mwanangu. Mimi nilibaki Columbus na kazi ya muda ofisini na hofu zangu za kudumu. Msimu wa baridi uliopita nilipokea ujumbe wa sauti wa mama: "Mutoto, yule muzee wa Tanuri amekufa. Mwambie mama wa viatu. Lakini usimwambie kwa simu, ataivunja."

Niliendesha gari kwenda Buffalo toka asubuhi, juu mpaka ziwani, kisha kando ya ziwa ndani ya theluji iliyokuwa ikipita barabarani kama moshi. Njiani nilifanya mazoezi. Nilijaribu kusema "amefariki", nikaona ni neno la heshima mno. Nilijaribu "amekufa", nikaogopa litamfurahisha, nami nikaogopa zaidi kwamba ningefurahi pamoja naye. Binti wa rafiki alinifungulia, mwanamke mnene mpole mwenye macho ya uchovu. Kiranja alikuwa kitini dirishani, blanketi miguuni. Alitazama chini.

"Umevaa viatu vya mazishi," alisema. "Nani?"

Sikuwa nimeona. Kati ya mazoezi yote hayo nilikuwa nimevaa viatu vyeusi. Nikamwambia.

Alivuta blanketi juu ya magoti.

"Alilisema lile jina?"

"Hapana, Bibi."

"Amenikimbia," alisema. "Mwoga yule. Amekwenda nalo."

Nikasema kile ambacho kila mtu angesema, na ambacho nilikuwa nimejiahidi nisikiseme: kwamba labda sasa anaweza kupumzika, kwamba labda kusamehe...

"Usinisingizie," alinikata. "Nimezeeka, sijabadilika."

Nilitoa simu nimsomee tangazo la mazishi, kwa kukosa la kufanya. Lilisema kwamba Jumamosi, yaani kesho yake, baada ya maziko, familia itapokea watu wote wanaotaka kutoa pole katika duka la zamani, pale marehemu alipoanza kazi pamoja na baba yake. Akanyoosha mkono, akachukua simu, akasoma mwenyewe, akaisogeza karibu, akasoma tena.

"Ndani?"

"Ndani. Imeandikwa kutakuwa na kahawa."

Akacheka. Binti wa rafiki hakucheka. Alisimama mlangoni ameshika shingo yake mwenyewe.

"Mpigie mama yako," alisema Kiranja. "Muulize kama bado ana ile mikeka."

Mama alipokea palepale, nyuma yake nikasikia sufuria. Nilimweleza mahali, na siku, na jina lipi linatafutwa. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Bon. Nitaita bale bamama."

"Mama, ni msiba wao. Na kuna viti."

"Viti ni ya beye. Siye tuko na mikeka. Sasa, choo? Iko na choo?"

Nilitafsiri. "Kipo, kule ndani," alisema Kiranja. "Siku zile hatukuruhusiwa. Mwambie safari hii tutakitumia wote."

Nikauliza tutafanya nini hasa. Akasema tutampa pole binti wa Tajiri, kwa mikono miwili, na hatutauachia mkono wake mpaka alitaje jina la rafiki yake, likiwa limenyooka, mbele ya wageni wake.

"Lakini binti hakummwagia mtu kahawa," nilisema. "Hata yule wa mgahawa ulisema hana kosa."

"Yule ni mfanyakazi. Huyu amerithi jengo?"

"Ndiyo."

"Basi amerithi na kilichofanyika humo."

Nililigeuza jibu hilo huku na huku nikitafuta mahali pa kulipinga. Bado nalitafuta. Wakati huo binti wa rafiki alikuwa ameshachukua funguo za gari lake kubwa. "Kiti cha mama yangu, kile cha karibu na mlango, nitakaa mimi," alisema.

"Hapana, mwanangu. Wewe utakaa kando yangu."

Akaniomba mabuti yake, yaliyokuwa chini ya kitanda. Hakuweza kuinama tena, kwa hiyo nilipiga magoti nikamvalisha, nikaanza kufunga kamba. Kidole chake kiligonga kichwa changu.

"Mara mbili, Wasiwasi."

Nikafunga mara mbili. Nikiwa pale chini niliona jinsi miguu yake ilivyovimba, na woga wangu wote ukarudi: safari ya usiku kucha, barafu ya Louisville, mwendo wa kutoka maegesho hadi mlangoni. "Bibi," nilisema, "magoti haya hayakufikishi hata mwisho wa ukumbi. Utatembeaje?"

"Nani amekwambia nakwenda kutembea?" alisema. "Nakwenda kukaa."